Diski Yenye Mapengo Mawili

Laptop yangu ilikata roho Ijumaa, siku ambayo watu wa Mukuyuni huleta kazi ya kuchapa. Jirani yangu mjane alikuwa ameniachia picha za marehemu mumewe nitengeneze ratiba ya mazishi ya Alhamisi. Nilimwambia asijali. Nilikuwa nimesema hivyo kabla sijaona kioo kikiwa cheusi.

Fundi wetu, mama mmoja wa kwaya mwenye meza kando ya duka la mbegu, alifungua mashine na kuchomoa diski, hizi za SSD, nyembamba kama kipande cha ubani wa kutafuna.

"Hii imekufa. Bahati yako picha ziko kwa simu ya mjane," alisema. "Sasa tafuta nyingine yenye mapengo mawili pale mbele. Za pengo moja ziko kila mahali, lakini mashine yako haizikubali."

Nilihesabu mapengo. Mawili. Nikahesabu tena, maana watu wamewahi kuuziwa viatu viwili vya kushoto.

"Unayo?"

"Ninayo moja. Lakini nimemwahidi Mungu. Jumapili naitoa shukrani."

"Mwaitu, mama yangu, Mungu ana laptop?"

"Wewe njoo kanisani ununue kama wengine. Ukiagiza Nairobi, itafika mkishazika."

Kwetu, sadaka isiyo pesa hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Jumapili hiyo palikuwa na mayai, boga, jogoo mmoja mwenye hasira, na diski. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliiinua juu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mkia wa mjusi.

"Hii ni ya ndani ya kompyuta! Nani anaanza?"

Nikataja bei ndogo ya heshima. Nyuma yangu, mzee anayeuza mbuzi, mtu asiyemiliki hata redio, akapandisha.

"Mzee, unaijua hii?" nikamuuliza.

"Siijui. Lakini ya Mungu haiendi bei ya pilipili."

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Sokoni, ukitaka mbuzi, kwanza unamtukana mbuzi: amekonda, anakohoa, mama yake alikuwa kilema. Mwenyewe anakasirika kidogo, bei inashuka, mnapeana mikono. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Jameni, hebu iangalieni vizuri. Ina mapengo mawili! Hii imezeeka."

Kule kwenye kwaya, fundi alisimama polepole.

"Sadaka yangu ndiyo ina mapengo?"

"Aiya!" mama mmoja akashika kichwa. "Anakosoa sadaka!"

Watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta walianza kupandisha bei ili kumtetea Mungu. Kina mama wakachanga pamoja. Mzee wa mbuzi akawapita wote, akashinda, kisha akatangaza kwamba kitu hicho anampa mchungaji mgeni aliyetoka Mbumbuni. Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu watu walikuwa wananiangalia.

Nilimpata mgeni akipakia zawadi alizopewa na walionunua mnadani kwenye buti la gari: boga, mayai, jogoo, na diski yangu juu ya boga.

"Mchungaji, hicho kitu hakitakufaa. Nikupe kuku wa kienyeji, anayetaga."

"Nina jogoo."

"Ndiyo maana atahitaji mwenzake."

Akaichukua diski, akaigeuza. "Si ni wewe ulisema imezeeka? Mbona sasa unaitaka?"

Nikamweleza yote: mashine, mjane, Alhamisi. Akasikiliza vizuri, kisha akafunga buti.

"Nakupa bure. Lakini rudi pale, uwaambie watu ukweli kuhusu hayo mapengo."

Nilijaribu kumfanya akubali kuku wawili badala yake. Akakataa. Nikajaribu watatu.

Basi nikasimama mbele ya umati ule ule, kofia mkononi, nikakiri kwamba mapengo si uzee, kwamba ndivyo kitu hicho kilivyoumbwa, na kwamba bila mapengo hayo hakiwezi kukaa mahali pake. Mtu fulani akaitikia, "Amina!" Mzee wa mbuzi akaniambia kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Ungesema hivyo mwanzoni, ningekuachia."

Jumatatu fundi aliipachika. Iliingia bila kusukumwa. Akaweka programu, na kufikia jioni uso wa marehemu ulikuwa kwenye kioo, anacheka. Mjane alikuja kuuona. Akaomba picha iongezwe ukubwa, nikaiongeza, akaomba tena, nikaiongeza tena.

"Na kazi ya kupachika?" nikamuuliza fundi alipokuwa akikusanya bisibisi zake.

Akataja bei ambayo haikuwa ya Mukuyuni wala ya mahali popote ninapopajua. Nilifungua mdomo. Akanitazama.

Nikalipa kama ilivyo.