Sahihi Yangu kwenye Jalada la Salome

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka Itigi nikiwa na vumbi la treni mpaka kwenye kope. Mkuu wa Shule, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuniuliza hata safari ilikuwaje. Alinitazama, akatazama barua yangu ya ajira, akasema, "Mwalimu, utafundisha Siasa. Kila mtu anadhani anaijua Siasa, kwa hiyo hakuna anayeisoma. Pole sana."

Siasa enzi hizo lilikuwa somo la kukariri. Mwanafunzi alikariri muundo wa chama kuanzia shina mpaka taifa, nami nikasahihisha, na sote tukalala usingizi mzuri. Miaka ikaenda hivyo. Kisha mambo yakaanza kulegezwa. Mitumba ikajaa minadani, watu binafsi wakafungua maduka, walimu tukaanza kuuza barafu na maandazi bila kujificha, na gumzo la vyama vingi likatanda kila kijiwe. Wakati huo nilikuwa nimeshahamishiwa Kiomboi. Asubuhi moja ukaingia waraka, yaani barua ya maagizo inayotumwa na wizara kwa shule zote: Siasa basi, sasa kuna Uraia. Kwa kidato cha tano na sita, habari za katiba, sheria na mahakama ziliwekwa ndani ya somo la Maarifa ya Jumla, ambalo wanafunzi waliliita jii-esi, kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza. Vitabu havikuja. Ulikuja waraka peke yake.

Nilimlilia Mkuu wa Shule wa Kiomboi, mama mmoja mkali ambaye hata mbuzi walikwepa kupita mbele ya ofisi yake. "Mahakama si iko pale barabarani?" akaniambia. "Wapeleke wakaione. Kitabu unakitakia nini?"

Nikawapeleka mahakama ya mwanzo, ile ya chini kabisa ambayo mwananchi wa kawaida huanzia. Walishangaa kuona hakimu hakati shauri peke yake. Anakaa na wazee wa baraza, raia wa kawaida tu, na kura zao zina uzito kama yake. Tuliporudi tukaunda mahakama yetu darasani. Shauri lilikuwa la ng'ombe aliyeingia kwenye mtama wa jirani. Wazee wa baraza wangu, vijana wa kidato cha tatu, wakanong'onezana, wakahukumu kila upande utoe mbuzi, waliwe siku moja na wote.

"Mlalamikaji naye ana kosa gani?" nikauliza.

"Hana kosa, madam," akajibu mzee wa baraza mmoja mwenye miaka kumi na saba. "Lakini wataendelea kuwa majirani."

Nilicheka mpaka nikaketi. Nikawapa alama nzuri, kisha nikawaeleza tofauti ya hukumu na suluhu. Nadhani hawakuniamini.

Baada ya Kiomboi nilipelekwa shule ya kidato cha tano na sita, kandokando ya mji wa Singida, upande wa Unyambwa. Hapo ndipo nilipojiona mwalimu kamili. Somo lilipaswa kufundishwa kwa Kiingereza, ila sheria ilipogoma kueleweka nilihamia Kiswahili, na mkaguzi alipotokea mlangoni nikarudi Kiingereza katikati ya sentensi. Wanafunzi walijua mchezo huo na walinisaidia kuuficha. Niliwapenda wanafunzi wale, sioni haya kusema.

Mkuu wetu pale alikuwa mtu wa utani, mnene, mwenye kupenda kazi zimalizike mapema. Chini yake palikuwa na kamati ya nidhamu, walimu watano, mwenyekiti akiwa Makamu Mkuu wa Shule. Kazi ya kamati ni kumsikiliza mwanafunzi aliyeshtakiwa kosa kubwa na kutoa mapendekezo. Mkuu akiyakubali, anaweza kumsimamisha masomo akasubirie nyumbani, na Bodi ya Shule ndiyo yenye kauli ya mwisho ya kumfukuza. Ndivyo ilivyoandikwa. Tulivyofanya ni kitu kingine. Makamu aliandika muhtasari wa kikao ambacho hakijakaliwa, karani akaupitisha stafu, chumba cha walimu, wakati wa chai, kila mjumbe akatia sahihi na kumpa anayefuata. Tulikiita kikao cha kuzunguka. Hakuna aliyeona ubaya, hata mimi mwalimu wa sheria.

Asubuhi moja karani aliniwekea jalada mbele ya kikombe. Salome Ntandu, kidato cha tano, ametoroka shule siku tatu, ameonekana stendi akipanda basi. Kamati imemsikiliza, hana utetezi, inapendekeza afukuzwe. Salome nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa mpole, mwandiko wake mdogo kama wa kubana karatasi. Nilisikitika, nikatikisa kichwa, nikatia sahihi. Siku hiyohiyo alibeba sanduku lake akaenda kwao Mungaa kusubiri Bodi, ambayo ingekaa baada ya majuma mawili.

Wiki iliyofuata nilifundisha haki ya kusikilizwa, kwamba mtu yeyote hahukumiwi kabla hajapewa nafasi ya kujieleza. Nilikuwa nimepamba moto kweli. Zuhura, aliyekuwa akikaa dawati moja na Salome, akanyoosha mkono.

"Samahani, madam. Salome alisikilizwa?"

"Kamati ilikaa," nikasema.

"Ilikaa siku gani, madam? Maana tangu arudi mpaka anaondoka tulikuwa wote, hata chooni tulikwenda wote. Hakuitwa."

Aliuliza kwa adabu, bila kejeli, na darasa zima lilikuwa likinitazama likiamini nitakuwa na jibu. Nikawaambia kipindi kimekwisha. Kilikuwa kimebakiza dakika ishirini.

Jumamosi nilipanda basi mpaka Mungaa. Niliwakuta Salome na mama yake wanapiga alizeti kwa fimbo, mbegu zinaruka kwenye turubai. Salome aliacha fimbo, akaja mbio kunipokea mkoba. "Shikamoo, madam. Karibu." Mama yake, mjane aliyezungumza zaidi Kinyaturu, akaniletea kigoda na maji.

Nilimuuliza Salome alikwenda wapi zile siku tatu. Aliingia ndani, akatoka na daftari lake la jii-esi. Katikati alikuwa ameweka karatasi yenye mhuri wa mahakama ya mwanzo. Ilikuwa samansi, hati ya wito. Baba yake mdogo alikuwa amedai shamba aliloliacha marehemu baba yake Salome, na Salome ndiye aliyekuwepo siku marehemu alipomwonyesha mama mipaka. Alikuwa shahidi. Siku aliyokwenda kuomba ruhusa Mkuu alikuwa safarini, na Makamu, kabla hajaitazama karatasi, alimwambia asubiri Mkuu arudi. Shauri lisingesubiri. Akaenda, likaahirishwa, likaahirishwa tena, siku ya tatu akatoa ushahidi na shamba likabaki kwa mama.

"Wewe ulitufundisha, madam," akasema. "Ulisema anayeitwa na mahakama asipokwenda anaweza kukamatwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Nilirudi Singida na aibu ambayo sijapata kuibeba tena. Jumatatu niliingia kwa Mkuu na kumwambia naondoa sahihi yangu.

"Mama, hebu kaa kwanza," akasema. "Jalada liko tayari kwa Bodi. Unataka niwaambie kikao hakikukaa? Si utakuwa umesema Makamu wangu ni mwongo?"

"Muhtasari unasema tulimsikiliza, Mkuu, na sahihi yangu iko chini yake. Mwongo ni mimi."

Alizungusha kalamu. Niliogopa, maana mwalimu aliyemkorofisha mkuu wake alijikuta amehamishiwa porini. Mwishowe akapiga meza. "Haya. Mwiteni. Na safari hii tukae kweli."

Ijumaa tukaketi, wajumbe watano kwenye meza moja, Mkuu pembeni. Salome akaingia na sare iliyopigwa pasi, daftari kifuani. Makamu akamwambia ajitetee.

"Naomba radhi, walimu wangu. Kabla sijajieleza, naomba wote waliotia sahihi ile karatasi wasinisikilize. Walishaamua. Tulifundishwa kwamba aliyekwisha kuamua asikae tena kuhukumu."

Tukatazamana. Wote watano tulikuwa tumetia sahihi.

"Na mimi?" akauliza Mkuu, kama anayetania.

"Na wewe, Mkuu, unisamehe. Ulinisimamisha."

Mkuu akanigeukia taratibu. "Huyu umemfundisha wewe?"

"Ni mimi, Mkuu."

"Umetumaliza," akasema, na kicheko kikamponyoka mpaka akafuta machozi. Akaita mwalimu wa Kilimo, mzee mtulivu, na matroni, na mwalimu wa Hisabati, akawaachia chumba. Sisi sita tukatoka nje, tukasimama ukutani kwenye upepo ule wa Singida unaotia mchanga mdomoni. Makamu alinuna. Mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, na pia, nitasema kweli, nilikuwa na furaha iliyotaka kunipasua kifua.

Walimsikiliza saa nzima. Wakaamua arudi darasani, na kwa kosa la kuondoka bila kuandika kwenye kitabu cha ruhusa apalilie bustani ya shule wiki moja. Bodi ikapitisha.

Jumatatu alikuwa kwenye dawati lake, kando ya Zuhura. Sikuanza somo. Nilisimama mbele ya darasa nikasema nilimtia Salome hatiani bila kumuuliza neno, na ninamwomba msamaha mbele ya wenzake.

Akasimama. "Asante, madam. Lakini na wewe hatujakusikiliza. Ulitia sahihi kwa nini?"

Hakukuwa na ubaya usoni pake. Alitaka kujua. Nilitafuta sababu ya maana, nikaikosa.

"Nilikuwa nakunywa chai," nikasema. "Sikutaka ipoe."

Hakuna aliyecheka. "Tumekusikia, madam," akasema Salome, akaketi, akafungua daftari.

Sasa nimestaafu, niko Mandewa, na walimu vijana hunijia kuuliza sheria ifundishwe vipi kwa watoto wa sekondari. Nawapa mbinu zote ninazozijua, za kwenda mahakamani na za mahakama ya darasani, kisha nawasimulia habari hii. Mtoto yule alikaribia kuachishwa shule kwa sababu ya kikombe changu, na siku aliyonipata mikononi mwake, aliniuliza kwanza.