Siku Nilipomfuta Babu

Kwa siku nne baada ya kumzika Babu sikupata usingizi, nikijiuliza swali moja tu: nimwambie Bibi ukweli, au niache betri iendelee kubeba lawama? Naona aibu hata kuwasimulia, lakini bora myasikie kwangu kuliko kwa binamu yangu Godi, maana yeye ataongeza chumvi.

Babu alipozidiwa nilikuwa naye chumbani kwake, kule Mwika, akaniambia, "Aika, washa simu yako urekodi. Nina neno kwa bibi yako, alisikie siku ya kunizika, si kabla." Nikarekodi. Alipofariki, ukoo ukakubaliana kwamba wasifu ukishasomwa, kabla jeneza halijapelekwa kaburini migombani, sauti yake isikike kwenye spika na Bibi akae kiti cha mbele. Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye msomi (nimemaliza chuo mwaka juzi, ajira bado natafuta, lakini pale nyumbani kila chenye waya ni changu).

Mtu mwingine angechomeka simu tu, yakaisha. Mimi nikaanza kuwaza: je, simu ikiita katikati? Je, ujumbe ukiingia na ule mlio ukasikika mbele ya mchungaji? Nikaamua kutumia MP3 yangu, kidude cha ukubwa wa kiberiti nilichonunua sokoni Tarakea, ambacho hutembea nacho nikitoka Rau ninakoishi kwenda mjini kupeleka barua za maombi ya kazi, kwa sababu chenyewe hakipigiwi na mtu. Na kwa vile simu ilikuwa imejaa, nilipokaa kwenye kompyuta ya jirani sikuinakili ile sauti, niliihamisha, ikatoka kwenye simu kabisa. Nikaijaribu mara kumi, nikipima kama iko juu au chini, nikaridhika.

Kile kidude nilikijua kwa kukipapasa mfukoni. Kukitumia juani, mbele ya watu waliojaza maturubai matatu, sikuwahi. Kina vitufe vitatu, na kila kimoja kina kazi mbili: ukikigusa kinafanya hili, ukikishikilia kinafanya lingine kabisa. Kioo chake ni kama ukucha, na kwenye jua hakionyeshi kitu.

Mwinjilisti akasema, "Sasa tumsikilize mzee wetu." Nikabonyeza. Spika zikanguruma, kisha ikatoka sauti, si ya Babu, ni yangu: "Udhaifu wangu mkubwa ni kwamba ninafanya kazi kwa bidii kupita kiasi." (Nilikuwa nimejirekodi nikifanya mazoezi ya usaili.) Nikabonyeza tena, ikaruka mbele: "Baada ya miaka mitano najiona nikiwa meneja." Turubai la nyuma watu wakaanza kucheka huku wameziba midomo, na Godi, ambaye hana adabu hata msibani, akanong'ona kwa nguvu, "Meneja, bonyeza basi!" Mama akainamisha uso. Bibi hakugeuka. Alikuwa anaangalia jeneza, anasubiri.

Nikagusa tena, na safari hii Babu akakohoa. Kikohozi chake kile, wote tulikijua. Vicheko vikakatika. Bibi akanyoosha mkono mbele kidogo, kama anayetaka kumshika. Nyuma wakaita, "Sauti! Ongeza sauti!" Nikashikilia kitufe nilichodhani ni cha kuongeza, Babu akanyamaza, na kwenye kioo kukaja maandishi nisiyoweza kuyasoma, nikadhani kinaniuliza kama niendelee, nikakubali. Nilipokikinga kioo kwa kiganja ndipo nikasoma. Sauti ilikuwa imefutwa.

Baba mdogo Eliakimu akanijia taratibu, akauliza, "Betri?" Nikaitikia kwa kichwa. Akawageukia watu: "Ndugu zangu, betri imeisha, tuendelee." Kwaya ikaimba, tukazika.

Kesho yake Bibi akaniuliza, "Aika, betri imepata moto?" Nikasema bado. Siku ya pili nikasema chaja inasumbua, nikashuka mjini kwa mafundi wawili, na wote wakakitazama kile kidude wakatikisa kichwa. Siku iliyofuata hakuuliza tena. Alisema tu, "Nitasubiri, mimi siendi popote," na hilo ndilo lililonimaliza.

Siku ya tano asubuhi nilimkuta jikoni anamenya ndizi za supu ya mtori.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikasema kabla sijaanza kuwaza. "Bibi, betri haikuisha. Nilimfuta mimi, kwa mkono wangu, na hakuna namna ya kumrudisha."

Kisu kikasimama. "Hata kwenye simu?"

"Hata kwenye simu."

Akaangalia maganda. "Kikohozi nilikisikia," akasema. Kisha: "Wewe uliyasikia yote. Alisema nini?"

Jamani, kuchekwa turubaini kulikuwa si kitu. Aibu yenyewe ilikuwa hii. Nilimsikiliza mara kumi nikipima sauti, na maneno sikuyashika ila machache. Hata siku ile chumbani, yeye anaongea, macho yangu yalikuwa kwenye simu, nachungulia kama sekunde zinahesabu.

"Alikushukuru," nikasema. "Mengi yamenipita, Bibi, nisamehe. Lakini alisema yule ng'ombe mwekundu asiuzwe kabla hajazaa."

Bibi akanikazia macho. "Ng'ombe," akasema. "Mtu anakufa, anamuaga mke wake, anataja ng'ombe! Huyo ni yeye kabisa." Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, halafu akalia, nami nikachukua kisu mkononi mwake nikaendelea kumenya mpaka alipomaliza kulia.

Kisha nikatoka uani. Baba mdogo alikuwa anafungua kamba za maturubai, Godi na wengine wanakunja. Nikawaambia wote kwamba betri ilikuwa nzima.