Dalali Ahamia Mtaa wa Wanaonong'ona

Dalali alihamia nyumba mpya na kila alichokuwa nacho, isipokuwa sauti yake. Si kwamba aliisahau. Aliiacha kusudi, kama mtu anavyoacha godoro lenye kunguni.

Na sauti hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba yenyewe. Utu uzima wake wote aliumalizia juu ya kreti la soda katika uwanja wa mnada, akinadi makabati ya marehemu, vitanda vya waliofilisika, na friji ambazo hata yeye hakuthubutu kuzichomeka umeme mbele ya watu. Ilisemekana akikohoa, mpita njia anaweza kujikuta amenunua meza. Mkewe alipenda kusimulia kwamba siku ya posa wazazi wake walikubali upesi ili mgeni anyamaze.

Nyumba ya zamani iliegemea ukuta wa uwanja huo. Barazani lilining'inia tundu la Karani, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyeletwa watoto wangali wanatambaa, akabaki walipoota mbawa zao na kwenda zao. Karani aliijua kazi. Jioni Dalali akiingia na kuuliza, "Nani anaongeza?", ndege alijibu, "Ongeza, ongeza," na wawili hao wakazinadi sufuria za mke wa Dalali mpaka chakula kikaiva.

Mtaa mpya ulikuwa mwingine. Michongoma ilikatwa kwa mkasi, mageti yalitiwa mafuta, na mbwa walibweka kama wanaoomba radhi. Siku ya kwanza jirani wa ukuta mmoja, hakimu mstaafu aliyevaa sweta juani, aliuliza kwa upole, "Na wewe, jirani, unajishughulisha na nini?"

"Ushauri," Dalali alisema. "Masuala ya mali."

Mkewe alikuwa amebeba ndoo. Aliitua chini, akamtazama mumewe kama anayesoma bei isiyoaminika.

Kuanzia hapo nyumba ikawa wodi. Televisheni ilionyesha watu wanaofungua midomo bure. Mke akiangusha kifuniko, Dalali aliweka kidole mdomoni. Chafya zake mwenyewe alikwenda kuzipigia chooni, mlango umefungwa.

Wa kwanza kuugua alikuwa Karani. Alijibanza pembeni ya tundu akaipa dunia mgongo. Karanga alizitazama kama barua za mtu aliyekosana naye. Kisha akaanza kujinyonyoa kifuani, unyoya mmoja baada ya mwingine, hata akafanana na kuku aliyetoroka jikoni.

Aliitwa daktari wa mifugo, mama mnene aliyezoea ng'ombe, akamgeuza ndege huku na huku kwa heshima.

"Hana ugonjwa," alisema. "Amehamishwa, basi. Hawa wakizoea nyumba wanaizoea na kila kilichomo. Mrudishieni mambo yake ya zamani, msimwache peke yake. Na asipoanza kula karibuni, sitawaficha, atakufa."

Usiku ule Dalali hakula vizuri. Watoto walikuwa wakipiga simu kwa zamu, kila mmoja akikatisha haraka. Karani peke yake ndiye aliyekuwa akimjibu kila jioni bila kuangalia saa.

Kesho yake akarudi kwenye nyumba ya zamani kumwomba mpangaji mpya vitu vyake: pazia lenye madoa, kigoda cha barazani, hata msumari uliobeba tundu. Mpangaji alimpa vyote, akamwuliza kama anahitaji na panya. Dalali hakucheka. Alipitia uwanjani, akarekodi kelele za mnada kwa simu, na alipofika nyumbani akampigia Karani rekodi hiyo kwa sauti ya chini kabisa, simu ikiwa ndani ya soksi.

Karani alinyonyoa unyoya mwingine.

"Baba watoto," mkewe alisema akiwa mlangoni mwa jiko, "umemletea pazia, umemletea kigoda, umemletea msumari. Umebakiza kimoja."

"Kipi?"

"Wewe."

"Mimi si huyu hapa?"

"Huyu? Huyu simjui. Mimi niliolewa na mtu mwingine, mpiga kelele mmoja hivi. Hata ndege anamtafuta."

"Punguza sauti, bwana. Hakimu atasikia."

"Nimeipunguza mpaka imeisha. Ndege anakufa ndani ya nyumba yako, wewe unamwogopa mzee wa sweta."

Dalali aliketi kwenye kigoda mbele ya tundu. Alikitazama kile kifua kitupu kilichopanda na kushuka, ngozi yake nyembamba kama karatasi iliyolowa. Alijaribu kuikumbuka faida ya kuitwa mshauri. Watu wawili walikuwa wamemwinamishia kichwa barabarani, hakukumbuka kingine.

Ndipo Karani alipoteleza kwenye kijiti chake, akaanguka sakafuni mwa tundu na asijisumbue kupanda tena.

Miguu ya Dalali ilipanda kigodani yenyewe.

"Nani anaongeza," alisema. Ilitoka kama bawaba yenye kutu. Akasafisha koo, akajaribu tena, na safari hii vioo vya dirisha vilitikisika. "Nani anaongeza? Sufuria hii, mabibi na mabwana, imepika, imeunguza, imeomba msamaha. Usinitazame, nunua. Mara ya kwanza."

"Imetoboka hiyo," mkewe akadakia kutoka jikoni kwa sauti iliyokuwa kifungoni tangu wahame. "Natoa nusu."

"Mama anatoa nusu na matusi juu. Nani anampita mama?"

Alinadi sufuria, akanadi televisheni, akanadi makochi yaliyokuwa bado yamevaa nailoni, akafika mpaka mlango wa choo. Mbwa wa hakimu alibweka kama mbwa. Kule sakafuni jicho moja la Karani lilifunguka. Ndege akaparamia nyavu kwa mdomo, polepole, hadi kijitini, akatikisa manyoya machache aliyobakiwa nayo.

"Ongeza," alisema, kwa sauti ya kukwaruza. Kisha akaiokota karanga.

Dalali alikuwa bado anapangusa macho geti lilipogongwa. Alikuwa mke wa hakimu, kanga mbili na miwani. Dalali alijiandaa kusemwa.

"Kumbe wewe ni dalali," mama yule alisema.

"Ndiyo, mama. Mnisamehe kwa kelele. Nina mgonjwa."

Mama hakimu aligeuka nyuma, akausogelea mwanya wa geti. "Nina kabati la vyombo. Na makochi, yale unayoyaona dirishani. Mzee hataki hata kusikia, lakini ustaafu hauliwi, baba. Unaweza kuja kuyanadi? Ila polepole, majirani wasisikie."

"Mama yangu, mnada wa kunong'ona ni wizi."

Mama hakimu alifikiri kidogo, akairekebisha miwani.

"Basi anzia kwa yule wa geti la kijani," alinong'ona. "Ana friji mbili, moja haigandishi tangu mwaka jana. Watu wakishazoea kelele, ndiyo uje kwangu."