Breka Iliyokuwa Ikishuka Asubuhi

Nyumba yetu ya Mjimwema ina breka ambayo kwa muda mrefu niliichukia kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu. Ni ile swichi kubwa kwenye ubao wa umeme, baraza ya nyuma, ambayo kazi yake ni kukata umeme wa nyumba nzima ukivuja mahali. Hivyo ndivyo mafundi wanavyoieleza. Mimi nilikuwa naieleza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana nyumba yetu ni ya Kikatoliki.

Ilikuwa inashuka asubuhi, tena tukiwa tumeshatoka. Mimi nafundisha shule ya msingi, mume wangu anauza vipuri vya pikipiki mjini, na nyumbani anabaki mama yangu mzazi peke yake. Mama ana kisukari. Alitoka kijijini, upande wa Hanga, akaja kukaa kwetu ili awe karibu na hospitali, na dawa yake ya kujichoma tunaitunza kwenye friji. Swichi yoyote ya ukutani haigusi. Siku aliyofika alisema moto wa kwenye waya tuwashe wenyewe, yeye amezoea wa kuni. Kwa hiyo breka ikishuka saa tatu asubuhi, friji inakaa imezima mpaka nirudi jioni. Nikifika nakuta vichupa vya dawa vimeanza kupata joto, na moyo unanienda mbio kwa kuwaza kwamba nitamuua mama kwa dawa iliyoharibika.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nililishuku birika la umeme, nikalifungia kabatini, breka ikashuka. Nikaishuku pasi. Nikaishuku hata redio ya mume wangu, kwa sababu zangu nyingine. Mwenyewe alifanya kazi kwa utaratibu zaidi: Jumapili moja baada ya misa alichomoa kila kitu, akashusha breka ndogo zote, akaipandisha ile kubwa, kisha akawa anapandisha ndogo moja moja na kuchomeka chombo kimoja kimoja huku akisikiliza. Taa ya jiko la nje ikawaka. Friji ikanguruma. Hakuna kilichokata. Akanitazama kama mtu aliyeoa mwongo, na kesho yake asubuhi, breka chali.

"Inakuogopa," nilimwambia. "Ukiwepo inatulia kama mtoto wa kambo."

Nilikuwa namtania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akiwepo yeye, haikushuka hata mara moja.

Hapa lazima nieleze habari za ukwe. Mama yangu ni Mngoni wa zamani, na kwake yeye mkwe wa kiume si mtu wa kusimama naye uwanja mmoja. Mume wangu akitokea tu nyuma ya nyumba, mama anaacha alichoshika, anavuta khanga kichwani, anaingia chumbani kwake uani. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakiwa na neno linapitia kwangu: "Mwambie mwenzio." Si ugomvi. Wanapendana sana, ila kwa mbali.

Mama alipohamia kwetu, kamba ya nguo ilikuwa upande wa mbele, akawa anaona haya kuanika nguo zake mahali anapopita mkwe. Nikamweleza mume wangu. Jumamosi ileile akanunua waya, akapigilia msumari mrefu kwenye mbao za paa la jiko la nje, akauvuta waya mpaka kwenye nguzo kavu ya mti huko nyuma kabisa, ambako hata yeye hana shughuli ya kufika. Ukawa waya wa mama peke yake. Mama alifurahi mpaka akanituma shukrani mara mbili kwa siku moja.

Siku hizohizo akaanza kulalamika ganzi. Alikuwa anajisugua vidole vya mkono wa kulia na kusema, "Sukari hii." Nilimpeleka kliniki, nesi akatuambia kweli kisukari huleta ganzi, tuangalie na miguu. Nikaongeza hilo kwenye mizigo yangu, nikaendelea kugombana na breka.

Mwishowe uvumilivu ukanishinda. Jumamosi moja, mume wangu akiwa dukani, nikamwita fundi.

"Iondoe hiyo," nikamwambia. "Piga dairekti, umeme upite moja kwa moja. Mama yangu ana dawa kwenye friji."

"Wengi wananiomba hivyohivyo, mama. Sasa hivi tu," akasema, akaanza kutoa vifaa kwenye begi.

Mama alikuwa anafua. Fundi alimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kuendelea na kazi, kwa kuwa fundi si mkwe wake. Akajitwisha beseni akaenda nyuma ya jiko kuanika. Fundi alikuwa bado anachagua bisibisi breka iliposhuka, ta! Na huko nyuma nikamsikia mama: "Aka!"

Nilikimbia. Shuka lilikuwa chini kwenye vumbi. Mama amesimama peku juu ya ardhi iliyolowa maji ya beseni, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto.

"Sukari," akasema.

Nikamtazama yeye, nikautazama waya. Mume wangu akiwepo, mama haaniki. Mama asipoanika, breka haishuki. Nilimvuta mama pembeni, nikamwita fundi kwa sauti ambayo majirani nadhani waliisikia.

Fundi alimwomba mama akae mbali, akaipandisha breka, akaja akagusa waya wa nguo kwa testa. Kitaa chake kikawaka. Akaenda kuzima tena, akapanda juu ya paa, na akakuta ule msumari umepita kwenye waya wa taa ya jiko. Umeme ulikuwa umekaa kwenye waya wa nguo bila njia ya kutokea, mpaka mama aushike kwa mikono yenye maji. Hapo ulipita mwilini mwake kwenda ardhini, na breka ikaukata kabla haujammaliza. Asubuhi zote zile breka ndiyo iliyokuwa ikimwokoa, na mimi ndiye niliyeleta mtu wa kuing'oa.

"Ningekuwa nimeshafunga dairekti, bibi..." fundi akaanza, kisha akarudi kwenye ubao wake.

Nilikaa chini palepale, nikalia kwa hofu na kwa hasira pia, maana mama alikuwa ameinama anakung'uta shuka lake bila hata kushangaa.

"Mama, ulijua ni waya?"

"Sukari hairushi mkono, mwanangu. Unauma mara moja tu, halafu unatulia, naanika."

"Na hukusema! Mama, mficha maradhi..."

"Najua."

Alichungulia kwenye kona ya jiko kuhakikisha kwamba mume wangu hajarudi, kisha akashusha sauti.

"Sasa ningesemaje? Kamba kanifungia mkwe."