Pochi Yangu Inanipeleka Nairobi

Njombe hii yote, mtu anayebembelezwa na dunia apande ndege ni mmoja tu. Mimi, mjomba wenu.

Kuna jumuiya ya watu wa sarafu za mtandaoni inayofadhili wakulima waende mkutanoni Nairobi. Ndege, hoteli, chai, vyote juu yao.

Fomu niliijaza mwenyewe. Sikutaka msaada wa mtu!

Leo nipo Makambako, dukani kwa mpwa wangu Tumaini anayeuza simu, majibu yakaingia. Akasoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba! Wamekuuliza anwani ya pochi, ukaandika 'mfuko wa nyuma wa suruali, kijiji cha Yakobi, jirani na kanisa'?"

"Sasa pochi inakaa wapi kwingine?"

"Ni pochi ya kwenye simu, mjomba! Ya kupokelea nauli!"

Nikajua safari imekufa.

Kumbe hajamaliza kusoma: "Tumecheka ofisi nzima. Mtu huyu lazima aje. Fungua pochi ya simu tukutumie nauli."

Mmeona? Wanaobisha waandike hapo chini.

Tumaini akaifungua palepale. Ila niseme ukweli: simu ilipolia kwamba nauli imeingia, mkono wangu ulikwenda kwanza mfuko wa nyuma.