Barua ya Kadi ya Chakula

Enzi zetu, sisi tuliokulia upande wa magharibi wa Alexandria ya Amerika, simu zilikuwa za kupigia tu. Barua ikija, msomaji ni mtoto. Wazazi wetu walijua Kiswahili, Kifaransa na lugha za kwao Kongo, lakini Kiingereza cha serikali kiliwashinda, basi sisi wa darasa la tano ndio tuliokuwa makarani wa nyumba. Leo nikiwaomba wanangu wanisomee hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya unga, wananiambia nipige picha, simu itasoma. Siwalaumu sana. Simu angalau haina tamaa.

Kila mwanzo wa mwezi serikali ilitutilia pesa za chakula kwenye kadi. Mama aliiita karte, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake kwa fundo ambalo hata yeye lilimsumbua kulifungua. Foleni nzima ya dukani ilisubiri fundo lifunguke, nami nikijifanya natazama magazeti.

Aliyemfundisha kuitumia ni Mama Sifa, rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi, aliyetutangulia kufika Amerika na kuishi jengo la ng'ambo ya maegesho. Siku ya kwanza alitupeleka dukani kwa basi, akamwonyesha Mama namna ya kupitisha kadi na kubonyeza namba zake, huku akimkinga kwa mkoba ili watu wasione. Tulirudi na mchele, maharage, mapaja ya kuku, samaki wa barafu, na maziwa mengi kuliko tuliyowahi kuyaona. Mifuko ilitukata vidole, na mimi na kaka yangu tulicheka njia nzima bila sababu.

Kadi nayo ilikuwa na mambo yake. Sabuni iliikataa. Kuku mbichi ilimkubali, lakini yule aliyekwisha kuokwa, anayezunguka ndani ya kioo na kunukia duka zima, ilimkataa kwa kuwa ni wa moto. Mama alimtazama kuku, akamtazama muuzaji, kisha akanigeukia mimi.

"Serikali inaogopa kuku ya moto? Akipoa, njo wataruhusu?"

Tangu siku hiyo aliamini kwamba kadi inaweza kukataa kitu chochote.

Jumapili baada ya ibada, nyumba yetu ilijaa. Mama hakujua kupikia watu watano tu. Alisimama kwenye mlango wa kanisa akiita kila aliyepita, "Mukuje, mukule!" Ukimnong'oneza kwamba watu ni wengi, alikujibu, "Chakula ya peke yako haishibishake." Jumamosi nzima alitwanga majani ya muhogo ya sombe, na harufu ya mawese ilishika hadi kwenye makoti yetu ya shule. Wageni wakila, walicheka, waliimba, walisimulia ya Bukavu hadi wakalia machozi. Ilikuwa raha. Siku hizi nalipa pesa nzuri kwenda kwenye karamu zisizofikia hata robo yake.

Lakini desturi ya kwetu mnaijua: mgeni kwanza, mtoto mwisho. Sisi watoto tulingoja jikoni, na sufuria ilipotufikia nyama ilikuwa imebaki jina. Tulichovya bugali kwenye mchuzi na kukwangua ukoko. Mama Sifa alikuwa fundi wa kufyonza mifupa, na kila alipofyonza mmoja na kusifu upishi, mimi nilimchukia kidogo. Mungu anajua, nilimchukia mwanamke aliyetufundisha kula.

Siku moja ikaja barua ya kadi, kurasa kadhaa. Mama alifuta mikono, akaketi. "Neema, unisomee."

Mengi humo hata mimi sikuyaelewa. Mahali fulani iliandikwa kwamba chakula ni kwa ajili ya watu walioandikishwa katika nyumba hii. Ilinipasa kuishia hapo. Badala yake nikaendelea kupitisha kidole chini ya mistari, nikasoma ambayo hayakuwapo: kwamba mgeni haruhusiwi kula chakula cha kadi, kwamba wakijua wanaikata, kwamba wanaweza hata kuturudisha kambini. Hilo la kambini nililiongeza kwa kunogesha. Nikasema pia kwamba ni siri, tusimwambie mtu, maana Mama Sifa angesikia angecheka na ningeumbuka siku ile ile. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Mama hakubisha. Serikali iliyokataa kuku wa moto ingeshindwaje kukataa wageni? Aliuliza jambo moja tu.

"Hata Mama Sifa?"

"Hata Mama Sifa," nikasema.

Baba, aliyekuwa akiegesha magari ya wageni wa hoteli na kufanya kazi Jumapili nyingi, aliambiwa jioni, naye akaamini. Nani angemshuku karani wake?

Jumapili iliyofuata tulitoka kanisani kwa haraka kama wezi. Nilikula mapaja mawili ya kuku na bado nikaangalia la tatu. Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi! Mama Neema! Muko?"

Mama alifunika sufuria, akaweka kidole mdomoni. Harufu ya sombe ilikuwa imeshapita chini ya mlango, hakuna pua ambayo isingeipata. Mama Sifa alingoja. Tulisikia ndala zake zikisogea huku na huku.

"Basi. Nilikuwa napita tu," akauambia mlango.

Alishuka ngazi polepole. Mama alibaki amesimama na mwiko mkononi, na siku hiyo hakula.

Kanisani watu walianza kusema Amerika imemwingia Mama Neema kichwani. Mama Sifa aliendelea kumsalimia, salamu za mbali. Baadaye alihamia jimbo jingine, na tuliona gari lake la mizigo kupitia dirisha. Hakuja kuaga.

Sasa naishi Springfield, na Mama anakaa kwangu. Frigo yangu ina milango miwili. Wanangu ndio wanaopakuliwa kwanza, na huacha nusu ya paja kwenye sahani kwa sababu eti ngozi ina mafuta. Wageni nawaalika, lakini wa siku hizi hupiga simu wiki nzima kabla, hukaa saa moja, na hula kidogo sana. Mama huwasukumia sahani kama anayeomba msamaha, nao hawajui anachoomba.

Mwaka jana tulisikia Mama Sifa amefariki. Mama alilia hadi nikaogopa. "Amekufa anajua mimi niko muchoyo," alisema. Ilinipasa kusema ukweli pale. Badala yake nikaenda kuchemsha chai.

Jumapili iliyopita, mezani, aliwasimulia wajukuu. Aliwaambia jinsi serikali ilivyotaka kuturudisha kambini kwa sababu ya upishi wake, na jinsi mtoto mdogo, binti yake, alivyosoma barua vizuri na kuokoa nyumba nzima. "Ingekuwa si mama yenu, tungepotea," alisema, akanishika mkono. "Kumupoteza Mama Sifa iliniuma sana. Lakini nyinyi muko hapa."

Binti yangu, naye ana miaka kumi na moja, aliweka simu chini kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama ni kweli.

Mama alikuwa ananitazama kwa fahari.

"Kweli," nikasema.

Enzi zile nilidanganya kwa sababu ya nyama. Siku hizi nyama ipo tele, na bado nadanganya.