Mipera Iliyojifanya Msitu

Kazi yangu ni kutazama msitu wa Kakamega kutoka angani, nikiwa nimeketi ofisini Kisumu. Setilaiti inapiga picha, mimi napaka rangi: kijani penye msitu, nyekundu palipokatwa. Penye nyekundu hupelekwa miche ya miti ya asili. Penye kijani hapapelekwi kitu.

Mwaka mmoja ramani ilitoka kijani tele. Mkubwa wangu akaagiza chai na mandazi. Mimi nilifurahi kuliko yeye, maana hata kona ambako marehemu baba alikuwa akinipeleka kutafuta magome ya dawa ya kikohozi, kona iliyokatwa nikiwa shuleni, ilikuwa imerudi.

Jioni nikapita kwa jirani yangu wa mtaa wa Manyatta, mama anayeuza matunda. Beseni lake lilifurika mapera.

"Mama, umeyatoa wapi yote haya?"

"Si ni kwa msitu ya Kakamega, nyathina, mtoto wangu. Hii mwaka iko mob. Nikuongezee ya watoto?"

Hamu ya kula ikanitoka. Mpera si mti wa asili wa msitu ule; ni wa kuletwa, tena mkaidi. Nyani na ndege humwaga mbegu zake palipokatwa, na ukishashika mahali hauachii. Ukitazamwa kutoka juu, nao ni kijani.

Kesho yake nikaenda mwenyewe. Kona ya baba ilikuwa mipera mitupu. Nililia kwa hasira, nikapangusa uso, nikaanza kuzunguka vichaka nikitia alama kwenye ramani kila palipo na mipera. Niliporudi ofisini nikachagua picha za kiangazi, zisizo na mawingu, nikatenganisha miti mirefu yenye vivuli vizito na mipera iliyolingana kama nywele zilizotoka kwa kinyozi.

Mkubwa akaguna. "Sasa madam, ramani ilikuwa imeshapita. Unataka niambie watu msitu imepotea tena?"

"Haijapotea tena, boss. Haikuwa imerudi."

Aliniambia niende nyumbani nikapumzike. Sikwenda. Nilikaa mbele ya meza yake, nikakataa hata chai, mpaka akaipitisha ramani mpya. Kona ya baba niliipaka nyekundu mimi mwenyewe, na iliniuma.

Mvua zilipoanza, lori la miche likafika. Niliomba mche wa ule mti wa dawa ya kikohozi, nikaupanda palepale. Hautaonekana kutoka angani mpaka niwe bibi kizee. Basi nitakuwa nikienda kuutazama kwa miguu.